Jina la Usungo la Pikapu ya Mbaruku

Pikapu ya Mbaruku ilipozima ghafla kwenye kilima cha kutokea daraja la magogo, ikiwa na abiria, magunia ya ufuta na mbuzi mmoja, Mbaruku alifanya yale ambayo dereva yeyote hufanya. Alishuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akafungua boneti, akatikisa vichwa vya betri, akapima oili, akanusa dizeli, akafunga boneti. Kisha akajifuta mikono kwa tambara na kuwageukia abiria.

"Haya, mshuke mmoja mmoja mumwombe radhi," alisema.

Abiria walishuka bila maswali. Walipanga foleni mbele ya boneti, kila mtu akaweka kiganja juu ya bati na kusema, "Swalehe, kama ni mimi niliyekutaja, nisamehe." Wengine walisema harakaharaka kwa sababu bati lilikuwa linaunguza. Ilipofika zamu ya Bi Sabaha, mkunga wa Nandagala, injini iliwaka kabla hajaondoa mkono, na watu wakarudi kukaa juu ya magunia. Mbuzi hakushushwa, kwa kuwa hakuna aliyemsikia akisema lolote.

Mwaka huo wa 1999 hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa kwa wasafiri wa Nandagala. Mgeni aliyepanda kwa mara ya kwanza alielezwa mapema, kama anavyoelezwa mahali pa kushika gari likipiga kona.

Mbaruku alikuwa ameinunua pikapu hiyo miaka miwili nyuma, kwenye mnada wa ofisi moja ya Nachingwea ambayo hatutaitaja, kwa sababu bado ina watu, na watu hao wana watoto wanaosoma. Ili aipate aliuza shamba lote la mikorosho aliloachiwa na mjomba wake. Ilikuwa nyeupe, kuukuu kila mahali isipokuwa milangoni, ambako rangi ilikuwa mbichi kiasi cha kuacha alama kwenye kiwiko. Mbaruku aliona hiyo ni dalili nzuri. Alikuwa mtu wa kuona dalili nzuri, na mke wake Hadija alikuwa mtu wa kukaa kimya akisubiri.

Haikumaliza hata mwezi. Injini ilinoki mbele ya nyumba, Mbaruku akiwa bado amevaa ile kofia aliyonunua kwa ajili ya udereva. Fundi wa karibu alikuwa Felisian, Mmakua aliyehamia Nandagala na sanduku la spana na imani kubwa katika nyundo. Lakini ulikuwa msimu wa jando, na Felisian alikuwa ndani ya likumbi, ile kambi ya porini wanakokaa vijana waliotahiriwa mpaka wapone. Alikuwa amempeleka mpwa wake na alikuwa mlezi wake, na mlezi hatoki likumbi kabla ya kijana wake. Mbaruku alikwenda mpaka kwenye njia panda wanaposimama watu wa nje, akapaza sauti kueleza hali ya injini.

"Mimi sitoki," Felisian alijibu kutoka vichakani. "Isukumeni mje nayo."

Wakaisukuma, wakaiingiza. Wengine walisema baadaye kwamba hapo ndipo kosa lilipofanyika. Likumbi si gereji. Kinachoingia likumbi kinaingia kwa kazi moja tu, na ngariba, ambaye alikuja siku ya pili kumalizia vijana waliochelewa, hakuona sababu ya kubagua. Aliomba msumeno wa chuma wa Felisian na kumkata pikapu kipande cha ncha ya bomba la moshi. Kipande kilizikwa pamoja na vingine. Inasemekana pikapu haikulia.

Ikakaa huko msimu mzima. Felisian alifungua injini, akaitandaza juu ya majani, akaibadilisha alivyoweza, akairudisha, na vipande vilivyobaki akavitia kwenye mfuko akisema havikuwa na kazi. Jioni vijana walipofundishwa kuheshimu wakubwa, kutopita chumba cha mama bila kubisha na kutomcheka mgonjwa, pikapu nayo ilikuwa pale pale, imegeuza taa zake upande wa mwalimu.

Siku ya kutoka, vijana walinyolewa, wakaogeshwa, wakapakwa mafuta, wakavishwa nguo mpya. Pikapu ilioshwa na kupakwa rangi ya kijani. Kisha Mzee Saburi, kaka yake Hadija na ndiye aliyekuwa mtoa majina wa jando lile, akapita akimpa kila mmoja jina la utu uzima badala ya lile la usungo, la kabla ya jando. Alipofika mwisho wa mstari akaikuta pikapu imesimama, imeng'aa, imetulia kuliko vijana wote. Akaweka mkono juu ya boneti.

"Wewe ni Swalehe," alisema. "Jina la usungo limekufa. Atakayekuita kwalo amekutukana."

Tangu hapo Swalehe akawa mtu mzima miongoni mwa watu wazima. Wanawake walipopita walimwamkia. Vioo vyake vya pembeni vilijikunja alipokaribia mtoni walikokuwa wanaoga. Mwezi wa Ramadhani hakunywa dizeli mchana, na Mbaruku alijifunza kumjazia wakati wa futari, baada ya kumwaga dumu zima ardhini siku ya kwanza. Alienda Ruangwa, alienda Nkowe, alienda Nachingwea, alibeba ufuta, korosho, mabati na maharusi. Hakuwa na matatizo mengine ya injini isipokuwa hilo moja: akitajwa kwa jina lake la usungo, alizima, na hakuwaka mpaka aliyemtaja aombe radhi.

Shida ni kwamba hakuna mtu Nandagala aliyelijua jina hilo. Alikuja ukubwani, ametoka mnadani, na mambo ya utoto wake yalibaki hukohuko alikotoka. Watu walilitaja bila kujua, katikati ya mazungumzo mengine. Na kulitafuta kulikuwa ni mwiko. Mzee Saburi alilisema hilo waziwazi, kwamba anayechimba jina la usungo la mwenzake ana nia mbaya, na watu wakaliacha.

Walichokigundua wenyewe kilikuwa hiki: Swalehe alizima zaidi siku alizobeba mgonjwa. Bi Sabaha alikuwa anampeleka mzazi, anasimulia njia nzima, habari za bei ya korosho, za wakwe zake, za mgonjwa kulazwa juu ya magunia kama boga, za mambo ambayo vijiji vingine vinayo na sisi hatuna, na mara injini kimya. Mtu fulani alikuwa anampeleka babake mwenye ngiri, analalamika vivyo hivyo, na injini kimya. Abiria wa ufuta walizungumza siku nzima na hawakupata matatizo. Basi ikaaminika kwamba Swalehe hapendi wagonjwa. Mbaruku, ambaye aliona aibu kwa niaba yake, akaacha kuwabeba. Wagonjwa wakarudi kwenye baiskeli na machela ya miti.

Ikawa hivyo mpaka masika ya mwaka 2003, Zaina alipoletwa kujifungua.

Zaina alikuwa binti wa Mbaruku na Hadija, ameolewa Nkowe na kijana anaitwa Rahimu, na kwa kuwa ilikuwa mimba ya kwanza alirudi kwa mama yake. Uchungu ulianza jioni. Kulipokucha Bi Sabaha alitoka nje ya chumba akiwa amefunga kanga kiunoni, akawaita wazee pembeni.

"Mtoto amelala kingamo," alisema. "Mimi hapa nimefika mwisho. Huyu anataka kisu, na kisu kiko Nachingwea. Tukikaa mpaka mchana tutazika wawili."

Mbaruku hakuuliza Swalehe anapenda nini. Alitandika godoro, akaweka mwavuli, wakamlaza Zaina. Hadija akapanda, Bi Sabaha akapanda, Mzee Saburi akapanda kwa sababu alikuwa mjomba wa Zaina na hakuna jambo la mpwa linaloamuliwa bila mjomba. Rahimu alikosa nafasi, akachukua baiskeli na kusema atawafuata. Mzee Saburi akatoa amri kwamba hakuna mtu kusema neno lolote mpaka Nachingwea. Bi Sabaha alijifunga mdomo kwa ncha ya mtandio ili asijisahau.

Walipofika mwisho wa kijiji wakamkuta Bwana Awadhi.

Bwana Awadhi alikuwa mkubwa kutoka Nachingwea, mnene kiasi, mwenye sauti nzuri na viatu ambavyo asubuhi hiyo vilikuwa na matope hadi kwenye kamba. Alikuja jana yake kuzungumza na wananchi. Gari lake lilikuwa limezama bondeni mpaka kwenye vitasa, dereva wake amekaa juu ya paa. Aliomba lifti. Kwa heshima ya mgeni akawekwa mbele, lakini kabla ya kupanda alimzunguka Swalehe mara moja, akautazama mlango wa kushoto kwa muda, akautazama wa kulia, kisha akatazama mawingu.

"Hili gari mmelipata wapi?" aliuliza.

"Mnadani," Mbaruku alisema. "Panda, bwana mkubwa. Na tafadhali, tusizungumze." Akamweleza sababu kwa kifupi.

Bwana Awadhi alisema ameelewa. Akanyamaza kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunyamaza tangu apate cheo. Swalehe alipita kwenye matope, akapita kwenye madimbwi, akavuka daraja la magogo kwa uangalifu ambao Mbaruku hakuwahi kuuona alipobeba ufuta. Hakumtikisa Zaina hata kidogo. Palipokuwa na shimo alilizunguka kabla Mbaruku hajakata usukani. Nyuma kulisikika kilio kimoja cha Zaina, halafu kingine.

Sasa, Bwana Awadhi alikuwa mtu wa ahadi. Hakuwa na ubaya nazo, zilimtoka tu kama kikohozi. Akisikia mtu analilia kisima alimwahidi kisima, akisikia mtoto analia aliahidi shule. Alisikia kilio cha tatu cha Zaina, akageuka kwenye kidirisha cha nyuma, na kabla hajajizuia, sauti nzuri ikatoka.

"Pole sana, binti yangu. Mwakani nawaletea gari la wagonjwa."

Injini ikazima.

Walikuwa katikati ya kilima. Mbaruku aliweka jiwe nyuma ya tairi na hakufungua boneti. Bi Sabaha alikuwa wa kwanza kushuka, akaweka mkono akaomba radhi kupitia mtandio, kwa mazoea tu, maana hakuwa amesema kitu. Hadija akaomba. Mzee Saburi akaomba. Mbaruku akaomba. Zaina, aliyekuwa amelala chali akitazama mwavuli, akanyoosha mkono akagusa ubavu wa bodi na kuomba. Injini haikuwaka.

Watu wote wakamtazama Bwana Awadhi, ambaye alikuwa bado amekaa mbele, mikono magotini.

"Umebaki wewe, bwana mkubwa," Mbaruku alisema.

"Mimi nikaliombe radhi gari?"

"Si gari. Ni Swalehe."

"Jamani, haya ni mambo ya mafuta machafu. Angalia chujio."

"Nimebadilisha juzi. Shuka, baba, mwanangu anakufa."

Rahimu alifika wakati huo na baiskeli yake, amelowa hadi nyusi. Alisimama, akaangalia foleni ya watu kwenye boneti, akaelewa.

"Mkoko umegoma?" aliuliza. "Nani kautukana?"

Hadija akamwonyesha kwa kidevu. Rahimu akasema basi wampe mkewe ampakie kwenye karia, ataenda naye hivyo hivyo. Bi Sabaha akashusha mtandio mdomoni na kumwambia kwamba akimpakia kwenye karia atamfikisha Nachingwea maiti. Alisema bila kupaza sauti, na Rahimu akaiegemeza baiskeli kwenye kichaka, akaenda kumshika mkewe mkono. Zaina hakuwa analia tena. Hilo liliwatisha wote kuliko kilio.

Bwana Awadhi akashuka. Aliweka vidole viwili juu ya boneti, akasema kwa haraka, "Haya, samahani." Injini ikakohoa mara moja, ikatulia.

Mzee Saburi akasogea karibu naye. Alikuwa mtu mfupi, na ilimbidi anyanyue kidevu.

"Bwana mkubwa," alisema, "anayekosea bila kujua anasema samahani na yanakwisha. Bi Sabaha kamkosea mara nyingi na kila mara kasamehewa. Wewe hukubaliwi kwa samahani. Maana yake wewe unamjua. Ulimjua alipokuwa msungo. Na anayemjua anatakiwa aseme alimjulia wapi."

Bwana Awadhi alitazama barabara upande wa Nachingwea, akatazama upande wa Nandagala. Hapakuwa na gari jingine. Masika ile hapakuwa na gari jingine kwa wiki nzima.

"Gari lilipokelewa," alianza, kwa sauti ya mkutanoni. "Ikaonekana kwamba hali ya barabara hairuhusu lifikishwe kituoni. Ikaamuliwa lisubiri."

"Nani aliamua?" Mzee Saburi aliuliza.

"Ofisi."

Injini kimya. Mvua ikaanza kudondoka juu ya mwavuli wa Zaina.

"Mimi," Bwana Awadhi alisema.

Kisha akasema yote, na kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri yalisikika vizuri. Kwamba pikapu ile ililetwa na wafadhili, mpya, nyeupe, na milangoni iliandikwa kwa rangi nyekundu maneno yale aliyoyatamka, na chini yake jina la Nandagala. Kwamba ilikuwa ya zahanati yao. Kwamba ilisimama Nachingwea ikisubiri barabara ikauke, na barabara ilipokauka ilikuwa imeshazoeleka: ilibeba korosho zake, ikabeba mbao za nyumba yake, ikahamisha shemeji zake wawili, mmoja akarudi ikamhamisha tena. Kwamba ilipochakaa alipaka rangi milango kwa mkono wake mwenyewe, siku ya Jumapili, akaitoa mnadani kama chuma chakavu.

Hakuna aliyeshtuka. Mzee Saburi alitikisa kichwa kama mtu anayepewa habari za mgonjwa aliyekuwa anaugua muda mrefu. Hadija alimtazama mumewe. Mbaruku alikuwa ameshika mlango, na alikuwa anafikiri juu ya mikorosho ya mjomba wake, mmoja mmoja, ule wa kwenye kichuguu, ule uliopigwa na radi, yote aliyoiuza ili anunue kitu ambacho kililetwa kijijini kwake bure. Ilimuuma sana. Ilimuuma mpaka akasahau kwa kitambo yuko wapi.

Injini ikawaka.

"Panda, bwana mkubwa," Mbaruku alisema. "Tunachelewa."

Swalehe hakuwahi kukimbia vile. Alipanda kilima bila kubadilishiwa gia, akapita kwenye matope yaliyowashinda wenye malori, na alipoingia mjini Nachingwea alipiga honi mwenyewe njia nzima, honi ya vipindi vipindi ambayo Mbaruku hakujua kwamba anayo. Watu walimpisha. Hapo ndipo Bi Sabaha alipoelewa, akasema polepole kwamba kumbe hakuwachukia wagonjwa hata siku moja. Ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Bwana Awadhi aliteremka karibu na ofisi yake, akawashika wote mikono, akashukuru kwa lifti.

Zaina alipasuliwa asubuhi ileile. Mtoto alikuwa wa kike, hai, mwenye hasira, na mama yake akaamka jioni akaomba uji. Rahimu alilia mbele ya watu na hakuona haya.

Habari ilipofika Nandagala, watu walikaa kitako. Vijana walitaka kwenda kudai. Ilikubaliwa kwamba haki ni yao, hakuna aliyebisha hilo, na ujumbe wa watu watano ukapanda baiskeli kwenda kusema kwa wakubwa. Waliogopa kwenda na Swalehe, wakamwacha kijijini, wakaona wakiwa mbali hatasikia. Wakapokewa, wakakalishwa kwenye viti, wakaulizwa wanadai nini, na msemaji wao akalitamka kikamilifu, akataja na rangi nyekundu. Wakati huohuo Swalehe alizima kwenye njia ya Nkowe akiwa na mtoto mwenye degedege. Mbaruku alimbeba mtoto mgongoni akakimbia naye. Mtoto alipona, ingawa mkono wake mmoja mpaka leo hauna nguvu. Wajumbe walipitishwa kwenye njia ile jioni waombe radhi, na msemaji alikaa juu ya boneti kwa muda mrefu.

Wakajaribu njia nyingine. Walikwenda tena wakasema wanadai "kile tulicholetewa." Wakaulizwa kitu gani. Wakasema "kile cha kazi ile." Wakaulizwa kazi gani. Wakasema "kile ambacho nyinyi mnakijua," na wakubwa wakasema kwa upole kwamba ofisi haiwezi kushughulikia dai lisilo na jina. Mzee Saburi aliulizwa kama hawezi kumfuta Swalehe jina lake ili mambo yawe rahisi. Alisema aliyetoka likumbi harudishwi usungoni, hata kwa faida ya kijiji kizima.

Basi maneno yale yakaondoka Nandagala. Mama waliwafundisha watoto wasiyaseme, kama wanavyofundishwa kutocheza na moto. Mbaruku akaacha kuwatoza wagonjwa nauli, maana aliona haya kuwatoza kwa kitu ambacho kilikuwa chao, na dizeli akawa ananunua kwa alichopata kwenye ufuta na harusi. Alikonda. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko harusi. Bwana Awadhi naye hakuyasema tena. Aliahidi visima, madawati, nguzo za umeme na ng'ombe wa maziwa, lakini hilo hakulitaja popote alipokwenda, na kwa hilo tu watu walimsifu kuwa ni mwaminifu.

Mwaka uliofuata alikuja Nandagala kwenye mkutano wa kusikiliza shida za wananchi. Aliketi mezani, akauliza habari za barabara, na watu wakasema. Akauliza habari za maji, na watu wakasema mpaka mwenyekiti akawaomba wafupishe. Kisha akaweka kalamu chini.

"Na upande wa afya?" aliuliza. "Mtu akiugua ghafla, usafiri wa kumfikisha hospitali. Mna ombi gani?"

Mkutano ukawa kimya. Alfajiri hiyo Bi Sabaha alikutwa ameanguka mlangoni kwake, upande mmoja wa mwili hauna habari, na Mbaruku alikuwa ameondoka naye. Kila mtu alikuwa anahesabu kimoyomoyo. Watakuwa wamevuka daraja la magogo. Watakuwa kwenye kilima.

Zaina akasimama, mtoto mgongoni. Alikuwa na mshono tumboni uliompa haki ya kusimama kuliko yeyote pale, na Bwana Awadhi alipomwona alirekebisha kola ya shati. Zaina alifungua mdomo. Alimtazama mama yake, akamtazama Mzee Saburi, akatazama barabara ya Nachingwea. Maneno yalikuwa hapo hapo kwenye ulimi, alikuwa na hasira nayo ya mwaka mzima.

"Hatuna ombi," alisema, akaketi, akajifunika kanga usoni.

Bwana Awadhi aliwashukuru kwa uelewa wao, akasema kijiji kisicho na shida ya afya ni mfano wa kuigwa wilaya nzima, akaomba wajipigie makofi. Watu wakapiga makofi, na Swalehe akafika Nachingwea bila kuzima.